Mashine ya Kunolea Aliyoitaka Dominika

Makote, Newala
3 Machi 2024

Dada Flora,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Godfrey, na mwanenu Cecil huko chuoni Mtwara. Sisi tupo. Mguu wa mama umepungua uvimbe, sasa anafika mpaka kwenye mihogo na kurudi, ila mkongojo hautaki kabisa, anasema mkongojo ni wa wazee. Yasinta wangu ameingia kidato cha pili na amenipita urefu. Mvua imetuhurumia mwaka huu. Tangi la maji ya paa limejaa hadi kumwagika, na wewe unajua maana yake huku kwetu.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kila nikipiga anapokea shemeji. Anasema simu yake ilikufa na sasa mnatumia hiyo yako. Si vibaya, lakini maneno ya dada na mdogo wake hayapendezi kupitia kinywa cha mtu. Hamidu, kondakta wa gari la Newala, amekubali kunifikishia barua mpaka kibandani kwako stendi.

Haja yangu ni hii. Unawajua akina mama wa kikundi cha kubangua korosho pale Mkunya, kile cha Mwanaheri. Mashine zao za kubangulia zina visu, na visu vikiwa butu korosho inapasuka vipande na bei inaanguka. Nilianza kuwanolea mwaka jana kwa kile kinoo cha marehemu baba, mzahamzaha tu. Sasa wanaleta mapanga, majembe, mikasi ya mafundi cherehani, hata watu wa vijiji vya jirani wanakuja. Kwa kinoo na tupa siwezi tena. Bega la kulia linawaka moto.

Umeme umefika kwenye kibanda cha useremala cha baba. Nataka ile mashine ya kunolea inayofungwa mezani, yenye jiwe kushoto na jiwe kulia, ambayo mafundi huiita grenda ya meza. Nilikwenda Newala mjini nikaoneshwa mbili. Muuzaji alizisifia zote kwa maneno yale yale, nikajua hajui anachouza. Shemeji ni fundi wa kuchomelea, anaishika kila siku. Niulizie kwake: ipi ya bei nafuu ambayo haitanifia mkononi?

Mama anakusalimu sana.

Mdogo wako,
Dominika


Masasi
14 Aprili 2024

Mdogo wangu Dominika,

Marahaba. Sisi wazima, joto tu. Mawe ya milima hii yanameza jua mchana kutwa halafu yanatutapikia jioni. Biashara ya chai na vitumbua inakwenda. Cecil alikuja Pasaka, akala, akaondoka na sufuria yangu.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya wateja wa sikukuu. Na pia sikumuuliza shemeji yako mapema. Siku zote anarudi kimya, anakula kimya, nikisema jambo anajibu "sawa". Basi wiki iliyopita nilimwambia, Dominika anataka grenda ya meza, anaomba ushauri. Wewe, mtu aliacha ugali. Alinawa mkono, akatafuta mfuko mtupu wa saruji, akaupasua, akaanza kuchora. Alichora mashine, akachora meza, akachora mpaka mahali utakaposimama wewe. Alizungumza kuliko alivyozungumza tangu Krismasi.

Nakuandikia alivyosema, nisije nikaambiwa nilificha. Chukua ya inchi sita. Ile ya inchi nane ni nzuri zaidi lakini bei yake imepanda na umeme wenu ni dhaifu, itanguruma bila kuzunguka. Usidanganywe na rangi. Inyanyue: ikiwa nyepesi kama sufuria, iache, itatetema na kisu kitatoka na mawimbi. Zungusha jiwe kwa mkono uone kama linayumba. Jiwe ligongwe kwa mpini wa bisibisi. Likilia kama kengele ni zima, likitoa sauti iliyokufa lina ufa na linaweza kupasuka usoni. Liwepo jiwe la chenga nene na jingine la chenga laini. Iliyotumika si mbaya kama haijafunguliwafunguliwa. Na weka kopo la maji kando, maana kisu kikigeuka rangi ya samawati kimeungua, hakishiki makali tena.

Ndiyo hayo. Mimi nilimwomba kabati la jikoni Cecil akiwa darasa la tano. Sijachorewa hata mguu wa kabati.

Maoni yangu mimi ambaye si fundi: nunua tupa mpya. Mwanamke mjane na mashine ya kutoa cheche, watu hawatakosa la kusema.

Msalimie mama.

Dada yako,
Flora


Makote
26 Mei 2024

Dada Flora,

Shikamoo, na pole na joto. Huku baridi na ukungu vimeanza, mama anaota moto tangu asubuhi na kugombana na kuku. Watu wanapalilia mikorosho na kuulizana bei ya salfa ya kuipulizia. Yasinta alikuwa na malaria, amepona.

Asante kwa yale maelezo, nimeyasoma mpaka nimeyakariri. Na asante zaidi kwa kumruhusu shemeji apite. Sikutegemea. Alifika Jumanne akasema ana kazi ya mageti upande huu na kwamba wewe umemwambia aangalie kibanda. Aliipima meza ya baba, akasema ni mninga mtupu, haitatingishika hata nikifunga mashine mbili. Alinionesha pa kupitisha waya usikanyagwe. Kisha akajaribu kunoa panga kwa kinoo cha baba akalikwaruza vibaya, tukacheka, hata mama alicheka. Alikula mbaazi kwetu akaondoka na gari la mchana.

Ukaribu wake umenisaidia sana. Nimeanza kuweka akiba, na bado kidogo tu. Kikundi cha Mwanaheri wameahidi kunipa visu vyao vyote msimu ukianza.

Kabati lako nilimkumbusha. Alisema amesikia.

Mdogo wako,
Dominika


Masasi
9 Juni 2024

Dominika,

Marahaba. Sisi hatujambo.

Mimi sikumruhusu mtu kupita popote. Jumanne ile niliambiwa anakwenda Nanyumbu kupima mageti. Kumbe siku hizi Nanyumbu imepanda juu ya uwanda wa Makonde, ikakaa Makote, kwenye kibanda cha baba yangu, na kupikiwa mbaazi.

Nilimuuliza alikula nini safarini. Akasema mihogo ya kuchoma, njiani.

Siku hizi anapiga mluzi akioga. Anaazima simu yangu na kutoka nayo nje. Amenyoa ndevu. Nimeishi naye tangu nikiwa na kiuno cha nyigu na sijawahi kumsikia akipiga mluzi.

Mashine za meza nimeziona dukani kwa Mahmudu hapa sokoni. Nilipita tu. Ni vitu vibaya, vina sura ya panya mwenye masikio mawili makubwa. Sielewi mtu anavyoweza kukichangamkia kitu kama hicho.

Mama asalimiwe.

Flora


Makote
7 Julai 2024

Dada Flora,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikakaa nayo wiki tatu. Niliandika majibu mawili nikayachoma kwenye moto wa mama.

Mikorosho imeanza kutoa maua. Mama anaulizia utakuja lini.

Sikujua kwamba hukujua. Ningejua nisingemkaribisha hata maji. Nimemwambia shemeji asije tena Makote kwa ajili ya mashine wala kwa ajili ya kitu kingine. Sababu usiniulize, dada, nakuomba.

Nina ombi jingine. Hela imetimia. Nimempa Hamidu aikabidhi kwako pamoja na barua hii. Nenda wewe mwenyewe kwa Mahmudu ukanichagulie. Ushauri wote unao, uliuandika kwa mkono wako. Ukimaliza mpe Hamidu, atanishushia hapa njia panda. Nataka mashine iliyochaguliwa na wewe, si na mtu mwingine.

Mdogo wako,
Dominika


Masasi
18 Agosti 2024

Dominika,

Salamu kwa mama. Hela yako ipo, iko chini ya unga, sijaigusa.

Unaniambia nisiulize. Mtu akikuambia usigeuke nyuma, utafanya nini? Nimemuuliza yeye. Kwanza alisema hakuna kitu. Nikamuuliza tena mbele ya uji. Akasema wewe ndiye uliyekuwa unampigia, ndiye uliyemwomba aje, na kwamba mjane akizoea mwanamume wa kumtengenezea vitu hamwachi kwa urahisi. Akasema ameamua kukaa mbali nawe kwa heshima yangu mimi. Alisema hivyo akitazama uji.

Sijui nimwamini nani. Usiku nakuona umesimama kwenye meza ile, yeye amekushika mkono kukuelekeza. Asubuhi nakoroga unga wa vitumbua na bado nakuona. Wateja wananiuliza chai mbona chungu.

Na nikuambie jambo moja, maana limekaa kooni tangu tukiwa watoto. Hata baba ulimchukua. Mimi ndiye mkubwa. Mimi ndiye niliyekuwa nasimama mlangoni nikitazama randa inavyotoa maranda marefu kama utepe, na kila nilipoingia niliambiwa niende jikoni au nikatwae daftari. Wewe ulikuwa unaingia. Ulikuwa unashika ubao, unapangusa patasi, unarudi ndani unanuka mninga kama yeye. Alipokufa vifaa vikabaki kwako, na mimi nikapewa kitanda. Nilimpata mwanamume fundi nikadhani sasa na mimi nitafundishwa. Nilipomwomba anifundishe kunoa hata kisu, alicheka akasema nitakata vidole.

Sasa naye amekukuta pale pale mezani.

Mashine yako kanunue mwenyewe, au mwambie akununulie.

Flora


Makote
1 Septemba 2024

Dada yangu Flora,

Shikamoo. Leo sitaandika habari za mihogo. Nitakuambia lililotokea, kwa sababu nikinyamaza tena nitakuwa nakukosea zaidi ya yeye.

Mimi sikumpigia. Namba yako ndiyo iliyokuwa inaita kwangu, nikidhani ni wewe, kumbe ni yeye. Mwanzoni alikuwa anauliza juu ya waya na meza. Nilijibu kama mtu anavyomjibu mume wa dada yake.

Mwezi wa sita, siku ya gulio, bodaboda ilisimama nje, shemeji akateremka na boksi kubwa. Akalifungua juu ya meza ya baba. Ndani mlikuwa na grenda mpya, ya inchi nane, ile aliyosema ni ya bei kubwa na nisiinunue. Nilifurahi, dada, siwezi kusema uongo. Niliishika. Ilikuwa nzito na jiwe lake lilizunguka kimya kabisa nilipolisukuma kwa mkono. Kisha nikamuuliza ni ya nani.

Akasema, "Ni yako. Ila dada yako asijue."

Nikamuuliza kwa nini asijue. Akakaa kwenye kigoda akasema nyumbani kwake hakuna wa kuzungumza naye, kwamba wewe ukirudi kutoka stendi umechoka na unalala, kwamba mimi naelewa chuma na bado ni kijana, na kwamba yeye angeweza kuwa anapitapita. Hakunigusa. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayepatana bei.

Nikamwambia, "Shemeji, funga boksi lako."

Alidhani natania. Basi nikamwita mama. Mama alikuja na mguu wake ule, akasimama mlangoni. Shemeji alirudisha mashine ndani ya boksi, akakosea kuipanga, akaitoa akaanza upya, na mama bado amesimama. Mpaka bodaboda ilipoondoka ndipo mama aliponiambia, "Dada yako usimwambie kwa simu."

Sikukuambia kabisa kwa sababu niliogopa mambo mawili. La kwanza, usingeniamini. La pili, ungeniamini, ukavunja nyumba yako kwa ajili yangu. Nikaona bora unichukie kidogo. Sikujua kwamba utanichukia sana.

Na sasa habari ya baba. Unasema nilimchukua. Dada, baba hakunifundisha. Alihitaji mtu wa kushika upande wa pili wa ubao, na wewe ulikuwa Ndanda shuleni. Vitanda na milango alivyotengeneza ndivyo vilivyokulipia shule. Kila ulipofunga sanduku lako la bati kurudi bweni nilikwenda nyuma ya choo nikalia, kwa sababu mimi niliishia darasa la saba na kushika ubao. Ukija likizo aliniambia niondoke mezani ili wewe umsomee gazeti. Alikuwa anakusikiliza amefumba macho. Mimi hakuwahi kunisikiliza hivyo hata siku moja. Patasi nilizipata kwa sababu hakuna mwingine aliyezitaka, au mimi ndivyo nilivyodhani.

Hela ikusaidie kwa lolote. Nitaendelea na tupa.

Mdogo wako,
Dominika


Masasi
20 Oktoba 2024

Mdogo wangu Dominika,

Marahaba, ingawa barua iliyopita sikukuitikia. Salimia mama na umwambie kilio kimekwisha.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilifunga kibanda mchana, wateja wakiwa na vikombe mkononi, nikaenda karakana kwake. Alikuwa anachomelea dirisha. Nikatazama kila mahali. Kwenye kona, chini ya turubai, nikaliona boksi. Nikalifunua. Nikamuuliza mashine hii ya nani. Akasema ya mteja. Nikamuuliza mteja gani. Akataja mtu wa Nangomba. Nikamwambia tumpigie basi huyo mtu, simu ninayo mimi leo. Akavua miwani ya kuchomelea, akasema mambo yale yalikuwa mzaha tu na wewe umeyakuza.

Nikamwambia, "Mzaha wa inchi nane?"

Fundi mwenzake alicheka kisha akajifanya anakohoa.

Sikupiga kelele. Nilirudi nyumbani nikampelekea habari mjomba Nikolao. Mjomba aliteremka kutoka Mkunya, akamkalisha Godfrey, na ninajua walipanda pamoja mpaka kwa mama, hayo wewe umeyaona kwa macho yako: namna alivyoomba radhi kwako na kwa mama, mikono nyuma. Mimi nilikataa kuwepo. Nilitaka aombe bila mimi kuwa pale, nione kama atasema yote. Mjomba ananiambia alisema yote.

Sasa analala chumba cha Cecil. Nimemwambia sijaamua. Juzi nilirudi kutoka stendi nikamkuta anatengeneza kabati la jikoni. Nikapita.

Sasa sikiliza. Jumatatu nilitoa hela yako chini ya unga, nikaikung'uta, nikaenda kwa Mahmudu. Ana mashine tatu. Ya kwanza mpya, nyekundu, inang'aa. Niliinyanyua kwa mkono mmoja. Nikamwambia hii sufuria. Akacheka, akaniuliza mama muuza chai amejulia wapi. Ya pili mpya pia, nzito kidogo. Nikamwambia aichomeke umeme. Niliweka glasi ya maji mezani karibu nayo, maji yakacheza kama yanachemka. Ya tatu ilikuwa imetumika, rangi imebanduka, mwenyewe akaificha nyuma akisema ni ya zamani. Ni ya inchi sita. Niliizungusha kwa mkono, jiwe halikuyumba. Tukaiwasha, ikashika mwendo bila kunguruma, na glasi ikatulia. Alipoizima ilichukua muda mrefu kusimama, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kuondoka.

Nikaomba bisibisi. Nikazima umeme kabisa, nikagonga mawe. La kulia lililia. La kushoto likatoa sauti ya chungu chenye ufa. Nikagonga tena, watu wamesimama wananitazama. Nikamwambia Mahmudu, hili limepasuka, litamwua mtu. Akalifungua, akalitazama juani, akaona ufa mwembamba kama unywele. Akaweka jipya la chenga laini bila kuongeza bei. Hela yako imetosha, ikabaki ya miwani ya kukinga macho.

Nimekaa nayo nyumbani wiki nzima sasa. Najua ni yako. Lakini Dominika, niliichomeka. Nilitoa kisu changu cha kukatia vitunguu, ambacho kwa miaka nimekuwa nakibembeleza kwenye kitako cha sahani. Nilikigusisha jiwe kidogo tu, nikakichovya majini, nikakigusisha tena. Cheche zilitoka kwangu. Godfrey alikuja mlangoni akataka kusema jambo. Nikamtazama, akarudi zake.

Simpi Hamidu mashine hii. Naileta mwenyewe Jumamosi. Nitakaa wiki mbili kama mtanivumilia. Usinipikie mbaazi.

Dada yako,
Flora


Makote
8 Desemba 2024

Dada Flora,

Shikamoo. Sisi wazima. Korosho tumeokota vizuri na mnada wa kwanza haukutuaibisha. Mama amekubali mkongojo, lakini ni kwa sababu wewe ndiye uliyeuchonga, anautembeza kwa jirani kuuonesha. Yasinta anasema ndugu zetu wote wanamchosha isipokuwa mama mkubwa wa Masasi.

Nimesikia kwa mjomba kwamba umemrudisha shemeji chumbani, na kwamba amenunua simu yake. Sitasema kitu. Wewe ndiye unayemjua. Nikimwona nitamwamkia.

Nina jambo zito kidogo, na nimeliahirisha tangu uondoke.

Ulipokuwa hapa, siku ile ya pili, nilikupa visu vya kikundi ujaribu. Nilikupa vile vya zamani, vilivyoisha, kwa sababu nilijua utaviunguza. Kila mtu huviunguza mwanzoni. Mimi niliharibu kisu baada ya kisu, na kilikuwa kinoo cha mkono tu. Nikasimama kando nikisubiri rangi ya samawati. Haikuja. Mkono wako ulikuwa unakwenda na kurudi bila kukandamiza, unachovya, unatazama makali kwenye mwanga, unarudi. Hakuna aliyekuelekeza. Mama alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akasema, si kwako wala kwangu, akasema tu, "Ladislaus mtupu."

Wewe hukusikia kwa sababu ya mashine. Mimi nilisikia. Dada, nimesimama kwenye meza ile tangu baba afariki, nimepasua kucha, nimeumwa bega, na mama hakuwahi kulitaja jina la baba akinitazama mimi. Nilitoka nje nikajifanya nakagua tangi la maji.

Halafu wiki iliyopita akaja Mwanaheri na mfuko wa visu. Akasema kuna fungu lililotoka mwezi wa kumi na moja ambalo bado linakata hadi leo, korosho inafunguka nzima kama inataka yenyewe, na akina mama wanavigombania visu hivyo asubuhi. Akaniuliza nilivinoa kwa namna gani. Nilivitambua. Nikasema ndivyo ninavyonoa siku zote.

Akashukuru, akaondoka. Niliwasha mashine nikanoa siku nzima kwa hasira, na cha kwanza nilichokishika nilikiunguza.

Sasa najua ulivyokuwa unakoroga unga wa vitumbua mwezi ule wa nane. Sikujua kwamba kitu hiki kinakaa hapa, chini ya shingo, na kwamba mtu anaweza kumpenda ndugu yake na bado kikakaa.

Jana nilikwenda Mkunya kwa miguu, nikamkuta Mwanaheri anaanika korosho. Nikamwambia visu vile vilinolewa na dada yangu wa Masasi. Akaniuliza mbona sikusema. Nikamwambia ni kwa sababu vilikuwa vizuri kuliko vyangu. Akasema basi kikundi kinamtaka huyo dada, maana visu vya msimu huu ni vingi na mimi peke yangu siviwezi.

Meza ya baba ni ndefu. Mashine imekaa mwisho wa kulia, na upande wa kushoto pana nafasi ya nyingine. Hapa juu hakuna Mahmudu, kwa hiyo ya kwako utaichagua huko huko, na mimi sina ushauri wa kukupa. Funga kibanda cha chai mpaka msimu uishe, au mwachie shemeji akaange vitumbua.

Njoo, dada. Kama ni kukuonea wivu, nikuonee ukiwa umesimama hapa kando yangu.

Mdogo wako,
Dominika